Mwongozo Kamili wa Kuandika Jina la Kisayansi na Uainishaji wa Ndege, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kuandaa kadi ya spishi, yaani karatasi inayoonyesha jina la kisayansi la ndege, mtu aliyempa jina hilo, mwaka wa kuchapishwa kwake, na nafasi ya ndege huyo katika uainishaji. Wanafunzi wa biolojia, waongoza watalii na walezi wa vilabu vya mazingira hapa Nairobi huifanya kazi hii mara kwa mara, na makosa yanayojitokeza ni yale yale. Jina la zamani huwekwa chini ya uainishaji mpya, mabano hutiwa kama pambo, mwewe hupangwa katika oda moja (yaani kundi linalokusanya familia zenye undugu) na kozi, na herufi kubwa huonekana mahali pa herufi ndogo.

Chanzo cha makosa hayo karibu kila mara ni kimoja: mwandishi amekusanya vipande kutoka vitabu na tovuti mbalimbali bila kuamua ni orodha ipi inayomwongoza. Anayeamua jambo hilo mapema huwa amejiondolea nusu ya taabu, na hatua nyingine zote zilizo hapa chini zinategemea uamuzi huo.

Mfano utakaotumika zaidi ni kuzi yule anayezoeleka kwenye nyasi za Lang'ata na katika bustani za mikahawa ya wazi, mwenye mgongo wa buluu na kijani unaong'aa, tumbo la rangi ya kutu na ukanda mweupe kifuani. Wengine humwita kwezi. Ndege wengine watatajwa pale ambapo kuzi hana mtego wa kutufundisha.

## Vitu vinavyohitajika

- Picha za ndege mwenyewe au maelezo yaliyoandikwa pale pale alipoonekana, yakiwa na mahali na tarehe.
- Kitabu cha kutambulisha ndege wa Afrika Mashariki. Kitabu hiki ni cha kutambua ndege tu, si cha kunakili majina, kwa sababu majina hubadilika baada ya kitabu kuchapishwa.
- Orodha moja ya ndege wa dunia yenye nambari ya toleo. Mwongozo huu unatumia AviList, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 2025 kwa ushirikiano wa mashirika ambayo awali yalikuwa yakitoa orodha zinazopingana. Toleo hilo la kwanza lina spishi 11,131, na linapatikana bila malipo.
- Orodha ya ndege wa Kenya inayotayarishwa na Kamati ya Ndege ya Nature Kenya, shirika ambalo ofisi zake ziko katika uwanja wa Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi.
- Intaneti ya kufungulia hifadhidata ya Avibase, inayoonyesha majina ya sasa na ya zamani ya kila ndege, na maktaba ya kidijitali ya Biodiversity Heritage Library, iliyo na machapisho ya awali ya wanasayansi.
- Kompyuta au simu inayoweza kuandika herufi za mlazo, yaani zilizoinama upande. Asiye nayo atatumia kalamu na rula.

## Hatua ya 1: Thibitisha ndege kabla ya kutafuta jina

Jina sahihi likipewa ndege asiyekuwa wake ni kosa kubwa kuliko jina lililoandikwa vibaya, kwa sababu msomaji hana njia ya kuligundua. Kwa hiyo usifungue orodha yoyote kabla ya kuondoa ndege wanaofanana na wako.

Kuzi wetu ana ndugu anayefanana naye sana, *Lamprotornis hildebrandti*. Huyo hana ukanda mweupe kifuani, na jicho lake ni jekundu lenye mwelekeo wa rangi ya chungwa, ilhali jicho la kuzi wetu aliyekomaa ni jeupe lenye umanjano hafifu. Tahadhari iko kwa makinda: jicho la kinda la kuzi wetu ni jeusi na ukanda wake haujakolea, hivyo ndege mchanga aliyetazamwa kwa haraka huweza kumpotosha hata mtu mwenye uzoefu.

Jihadhari pia na jina la mitaani. Watu wengi wa Nairobi humwita korongo yule ndege mkubwa mwenye upara anayekaa juu ya migunga ya Barabara ya Mombasa, na wengine humwita korongo yule mwenye taji la manyoya ya dhahabu anayepatikana katika maeneo ya majimaji ya Nyandarua. Wa kwanza ni *Leptoptilos crumenifer* wa oda ya Ciconiiformes. Wa pili ni *Balearica regulorum* wa oda ya Gruiformes. Anayeanza na neno "korongo" na kulitafuta kwenye mtandao atapata picha ya mmoja na uainishaji wa mwingine. Hali ni hiyo hiyo kwa kunguru: yule mweusi mwenye kifua na kola nyeupe anayezunguka majalala yetu ni *Corvus albus*, naye kunguru wa Bara Hindi aliyeenea Mombasa na pwani yote ni *Corvus splendens*.

Ikiwa umeshindwa kumtambua ndege hadi ngazi ya spishi, andika jenasi (neno la kwanza la jina, linalotaja kundi la spishi zenye undugu) peke yake ikifuatwa na kifupisho *sp.*, lakini kifupisho hicho kiwe katika herufi za kawaida: *Lamprotornis* sp. Ukiwa unazungumzia spishi kadhaa za jenasi hiyo kwa pamoja, andika *Lamprotornis* spp. Kadi inayosimama kwenye jenasi ni kadi halali kabisa. Ya kubahatisha spishi haifai.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja angalau alama mbili za mwili wa ndege wako zinazomtenga na spishi inayofanana naye zaidi.

## Hatua ya 2: Chagua orodha moja na uandike toleo lake

Juu kabisa ya kadi, kabla ya jina lenyewe, andika orodha unayoifuata na toleo lake, kwa mfano: "Majina yamefuata AviList, toleo la 2025." Mstari huu ndio unaosahaulika kuliko yote, nao ndio unaomwezesha msomaji wa miaka kumi ijayo kujua kama jina uliloandika lilikuwa kosa au lilikuwa sahihi kwa wakati wake.

Sababu ya kung'ang'ania orodha moja ni kwamba wanataksonomia, yaani wataalamu wa uainishaji, hawakubaliani kuhusu mipaka ya kila spishi. Mwewe mwenye mdomo wa manjano, ambaye kila mkaazi wa Nairobi amewahi kumwona akipiga mbizi sokoni kunyakua kipande cha nyama, amehesabiwa na baadhi ya orodha kuwa spishi kamili, *Milvus aegyptius*, na nyingine zimemweka chini ya *Milvus migrans* kama nususpishi, yaani kundi dogo ndani ya spishi. Hakuna anayedanganya hapo. Wote wana ushahidi, ila wanaupima kwa vipimo tofauti, na anayechukua jina kwa mmoja na uainishaji kwa mwingine hutengeneza ndege asiyekuwepo katika orodha yoyote.

Ikiwa mwalimu, mhariri au ofisi inayokutuma imeagiza orodha fulani, ifuate hiyo hata kama unaona nyingine ni bora. Uthabiti ndani ya kazi moja una thamani kuliko maoni yako.

## Hatua ya 3: Tafuta jina la sasa kupitia jina la zamani

Fungua Avibase, andika jina ulilolikuta kitabuni, kisha tazama visawe vyake vyote. Kisawe ni jina jingine lililowahi kutumika kwa ndege yule yule. Kuzi wetu, kwa mfano, aliandikwa *Spreo superbus* katika vitabu vingi vya zamani. Leo ni *Lamprotornis superbus*. Furukombe wa Ziwa Naivasha aliandikwa kwa miaka mingi *Haliaeetus vocifer*, na sasa amehamishiwa jenasi ya *Icthyophaga*. Itazame tahajia hiyo kwa makini: baada ya *Ic* inafuata *t*, haina *h* kati ya *c* na *t*, na kisahihishaji cha simu kitajaribu kukuwekea.

Yangeyange anayefuata ng'ombe malishoni ni mfano wa karibu zaidi. Kitabu chochote ulicho nacho nyumbani bila shaka kinasema *Bubulcus ibis*, lakini orodha za sasa zimemrudisha katika jenasi ya kulasitara, akawa *Ardea ibis*. Sababu ya mabadiliko kama haya ni ushahidi wa DNA kuhusu nasaba. Jenasi inapaswa kukusanya ndugu wa kweli, na ikigunduliwa kwamba ndugu mmoja alitengwa bila haki, hurudishwa.

Tahadhari kwa wanaofanya kazi na vielelezo vya makumbusho: lebo iliyofungwa mguuni mwa ndege aliyehifadhiwa hubeba jina la wakati ndege huyo alipokusanywa. Linakili kama lilivyo katika safu ya "jina la kwenye lebo", kisha uandike jina la sasa katika safu yake. Kamwe usiifute wala kuirekebisha lebo yenyewe. Ni ushahidi, na wahifadhi huongeza lebo mpya kando ya ile ya zamani.

Utajua umefaulu ukiwa na majina mawili mkononi, la sasa na la zamani, na jina la sasa likionekana herufi kwa herufi katika orodha uliyoichagua katika hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Andika jina lenyewe

Jina la spishi lina maneno mawili. La kwanza ni jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili huandikwa kwa herufi ndogo daima, hata likitokana na jina la mtu au la mahali: *Macronyx sharpei*, *Cisticola aberdare*. Maneno yote mawili huandikwa kwa mlazo, au hupigiwa mstari chini ikiwa unaandika kwa mkono. Majina ya ngazi za juu kama vile Sturnidae na Passeriformes huanza kwa herufi kubwa, na katika maandishi ya ndege hayaandikwi kwa mlazo.

Neno la pili halisimami peke yake. Kuandika "superbus wengi huonekana Karen" hakuna maana, kwa kuwa wanyama wengine nao huweza kuwa na neno hilo hilo.

Baada ya kulitaja jina kamili mara moja, unaruhusiwa kufupisha jenasi: *L. superbus*. Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, simu nyingi huona nukta na kudhani sentensi imekwisha, kwa hiyo hukuandikia *L. Superbus* bila kukuuliza. Rudi ukague kila mahali ulipofupisha. Pili, usifupishe pale ambapo jenasi mbili zinaanza kwa herufi moja. Ripoti inayotaja *Lamprotornis*, *Leptoptilos* na *Lanius* katika ukurasa mmoja haina nafasi ya "L."

Herufi zenye alama za juu hazitumiki ndani ya jina la kisayansi. Mtaalamu wa Ujerumani Rüppell aliyeheshimiwa kwa tumbusi wa Hell's Gate anaandikwa *Gyps rueppelli*, ambapo *ü* ya Kijerumani imekuwa *ue*. Lakini jina lake mwenyewe, anapotajwa kama mtu aliyempa ndege jina, hubaki na alama yake: Rüppell.

Usishtuke ukikuta neno limerudiwa. *Ciconia ciconia*, korongo mweupe anayetua Kenya akikimbia baridi ya Ulaya, ni jina halali, na wahariri wasiozoea wameshalifuta neno la pili mara nyingi wakidhani ni kosa la uchapaji. Kwa upande mwingine, usibandike viambishi vya Kiswahili kwenye jina la kisayansi ili kupata wingi. Andika "ndege wa jenasi ya *Lamprotornis*" na sarufi itajipanga yenyewe.

## Hatua ya 5: Mwandishi, mwaka na mabano

Hapa ndipo kadi nyingi huharibika, kwa hiyo tuende polepole.

Baada ya jina la spishi, mtu wa kwanza kulichapisha pamoja na maelezo ya ndege huyo hutajwa, kisha mkato, kisha mwaka. Sehemu hii huandikwa kwa herufi za kawaida. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazikulazimishi kumtaja mwandishi kila mahali. Zinashauri atajwe angalau mara moja katika kazi, na kwenye kadi mahali pake ni kwenye mstari wa spishi.

Mabano hayapendezeshi wala hayamaanishi kwamba habari ni ya ziada. Yanatoa taarifa moja mahususi: kwamba spishi hii, ilipopewa jina kwa mara ya kwanza, iliwekwa katika jenasi tofauti na iliyomo sasa. Ikiwa jenasi ya leo ndiyo ile ile ya siku ya kwanza, hakuna mabano.

Mtazame kuzi wetu. Rüppell alimchapisha mwaka 1845 kwa jina la *Lamprotornis superbus*. Baadaye wataalamu walimhamishia *Spreo*, na kwa kipindi chote hicho ilikuwa sahihi kuandika *Spreo superbus* (Rüppell, 1845), kwa kuwa jenasi haikuwa ya asili. Aliporudishwa *Lamprotornis*, mabano yaliondoka: *Lamprotornis superbus* Rüppell, 1845. Anayechukua jina jipya kutoka orodha na kunakili mabano kutoka kitabu cha zamani huandika jambo la uongo kuhusu historia ya ndege, ingawa kila herufi aliyoandika ameikuta mahali fulani.

Kwa yangeyange imekuwa vivyo hivyo. *Bubulcus ibis* (Linnaeus, 1758) ilihitaji mabano. *Ardea ibis* Linnaeus, 1758 haiyahitaji, kwa sababu Linnaeus mwenyewe, mtaalamu wa Uswidi aliyeanzisha mfumo huu wa majina mawili, alimweka katika *Ardea*. Furukombe naye ana mabano katika jina la zamani na jipya pia, *Icthyophaga vocifer* (Daudin, 1800), kwa kuwa Daudin alimweka katika *Falco*, ambako hayumo tena.

Ili ujue jenasi ya asili, tafuta jina la awali la ndege huyo katika Avibase. Ukiwa na muda, na hasa ukiwa unaandika tasnifu, fuatilia chapisho lenyewe katika Biodiversity Heritage Library usome jina lilivyochapwa. Wengi huiruka kazi hiyo. Mimi naiona ndiyo sehemu tamu ya shughuli yote, maana unakutana na ndege wa nyumbani akielezwa na mtu aliyemwona mara ya kwanza katika ngozi iliyokaushwa.

Mambo matatu madogo ya kuangalia kabla ya kuendelea:

Mabadiliko ya mwisho wa neno hayaleti mabano. Linnaeus aliandika *Coracias caudata* mwaka 1766, leo tunaandika *Coracias caudatus* Linnaeus, 1766, na jenasi haijabadilika.

Mabadiliko ya ngazi nayo hayaleti mabano. Reichenow alipochapisha *Balearica gibbericeps* mwaka 1892 alidhani ni spishi kamili. Leo ni nususpishi, *Balearica regulorum gibbericeps* Reichenow, 1892, bado bila mabano.

Waandishi wenye jina moja la ukoo hutofautishwa kwa herufi za kwanza za majina yao. Brehm baba na Brehm mwana wote waliwapa ndege majina, kwa hiyo orodha nyingi huandika "Brehm, AE" kwa mwana, na huyo ndiye aliyempa jina tumbusi wa Rüppell mwaka 1852.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu mwingine, bila kutazama kadi, kwa nini ndege wako ana mabano au hana.

## Hatua ya 6: Hakikisha mwisho wa neno unalingana na jenasi

Majina haya hufuata sarufi ya Kilatini. Jenasi huwa ya kiume, ya kike au isiyo na jinsia, na neno la pili likiwa kivumishi hubadilisha mwisho wake ili kukubaliana nayo. Huhitaji kujifunza Kilatini, ila ni lazima ujue kwamba ndege akihamishwa jenasi, mwisho wa neno la pili huenda ukabadilika.

Chozi mdogo mwenye tumbo la manjano anayezuru maua ya bustani zetu aliandikwa *Nectarinia venusta*, kwa kuwa *Nectarinia* ni ya kike. Alipohamishiwa *Cinnyris*, ambayo ni ya kiume, akawa *Cinnyris venustus* (Shaw, 1799). Mwanafunzi anayebadilisha jenasi peke yake huishia na *Cinnyris venusta*, jina lililo nusu la kitabu na nusu la orodha. Tahajia mbili za yule korongo wa Barabara ya Mombasa, *crumeniferus* ya vitabu vya zamani na *crumenifer* ya orodha za sasa, nazo ni suala la mwisho wa neno, si ndege wawili.

Neno la pili likiwa nomino halibadiliki: *Buteo augur* hubaki *augur* popote atakapopelekwa. Vivyo hivyo majina ya heshima kwa watu, kama *hildebrandti* na *sharpei*. Usijaribu kukisia lipi ni kivumishi na lipi ni nomino. Nakili mwisho wa neno kutoka orodha yako.

## Hatua ya 7: Panga ngazi za uainishaji

Ngazi za lazima kwenye kadi ni saba, kutoka pana hadi finyu: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Tatu za kwanza hazina kazi kwa sababu ndege wote ni Animalia, Chordata, Aves. Ziandike usonge mbele.

Kazi iko kwenye oda na familia. Mwisho wa neno utakusaidia kugundua kama umebadilisha nafasi: majina ya familia za wanyama huishia na *-idae*, familia ndogo huishia na *-inae*, na oda za ndege huishia na *-formes*. Ukiona Sturnidae kwenye mstari wa oda, umekosea mstari.

Mwisho wa neno, hata hivyo, hauwezi kukuonyesha oda iliyopitwa na wakati, nayo ndiyo hatari kubwa zaidi kwa anayetegemea vitabu vya shule. Zamani ndege wote wawindao mchana waliwekwa pamoja katika Falconiformes. Sasa mwewe, furukombe, tumbusi na *Buteo augur* wamo katika Accipitriformes, familia ya Accipitridae, na Falconiformes imebaki na kozi na jamaa zao, kama *Falco biarmicus* na *Falco peregrinus*. Ushahidi wa DNA umeonyesha kwamba kozi wana nasaba ya karibu na kasuku kuliko waliyonayo na mwewe. Midomo iliyopinda na kucha kali zimetokana na kazi inayofanana, si na babu mmoja wa karibu.

Kwarara, yule anayetuamsha alfajiri Kileleshwa na Lavington kwa kelele zisizo na aibu, amepata mabadiliko ya aina hiyo. *Bostrychia hagedash* (Latham, 1790) ni wa familia ya Threskiornithidae, ambayo vitabu vya zamani huiweka katika Ciconiiformes pamoja na makorongo. Leo familia hiyo, pamoja na kulasitara na yangeyange, imo katika Pelecaniformes, oda ya mwari. Ciconiiformes imebaki na familia moja tu, Ciconiidae.

Basi soma oda na familia kutoka orodha ile ile uliyoitaja juu ya kadi, hata kama unaikumbuka kwa moyo kutoka kidato cha tatu. Hasa kama unaikumbuka kwa moyo.

## Hatua ya 8: Nususpishi, ikiwa inahitajika

Nususpishi huongeza neno la tatu, kwa herufi ndogo na mlazo, bila kifupisho chochote katikati: *Balearica regulorum gibbericeps*. Hawa ndio korongo taji wa Afrika Mashariki. Wa kusini mwa Afrika ni *Balearica regulorum regulorum*, na kurudiwa kwa neno kunaonyesha kwamba kundi hilo ndilo lililobeba jina la spishi tangu mwanzo.

Usitaje nususpishi kwa sababu tu ya mahali ulipomwona ndege, isipokuwa orodha inaonyesha kwamba eneo hilo lina moja tu. Kuzi wetu hana nususpishi zinazotambuliwa, kwa hiyo mstari huu kwenye kadi yake unaachwa, au unaandikwa "hakuna".

## Hatua ya 9: Kagua kadi nzima

Kadi iliyokamilika inapaswa kuonekana hivi:

Majina yamefuata: AviList, toleo la 2025
Jina la Kiswahili: kuzi (pia kwezi)
Himaya: Animalia
Faila: Chordata
Ngeli: Aves
Oda: Passeriformes
Familia: Sturnidae
Jenasi: *Lamprotornis*
Spishi: *Lamprotornis superbus* Rüppell, 1845
Nususpishi: hakuna
Kisawe kinachopatikana vitabuni: *Spreo superbus* (Rüppell, 1845)
Mahali na tarehe ya kuonekana: (jaza)
Alama zilizomtambulisha: ukanda mweupe kifuani, jicho jeupe lenye umanjano hafifu

Soma kadi kutoka chini kwenda juu, mstari mmoja mmoja, ukiulinganisha na orodha. Kusoma kinyume hulizuia jicho kuruka mistari liliyoizoea. Kisha mpe mtu mwingine asiyewajua ndege akague mlazo na herufi kubwa peke yake. Atayaona makosa ambayo wewe, kwa kujua maana, huyaoni tena.

Ukitaka kuhakikisha kwamba umeelewa na hukunakili tu, tengeneza kadi ya pili ya yangeyange bila msaada. Ikitoka na Pelecaniformes, Ardeidae, na *Ardea ibis* Linnaeus, 1758 bila mabano, na *Bubulcus ibis* (Linnaeus, 1758) yenye mabano kwenye mstari wa kisawe, uko tayari kuandaa kadi za ubao wa shule au kijitabu cha wageni.

Kwa ndege mwenye utata, wapo watu wa kuuliza. Nature Kenya huandaa matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi, ambayo kwa kawaida huanzia Makumbusho ya Kitaifa, na wenye uzoefu huwemo. Nenda na picha, maelezo uliyoandika, na kadi uliyoijaza tayari, kwa maana swali la "mabano haya yanastahili hapa?" hujibiwa kwa dakika moja, ilhali "ndege huyu anaitwaje?" bila picha halijibiki.

Orodha ikitoa toleo jipya, usiipake rangi kadi ya zamani wala kuiandikia juu. Chapisha nyingine yenye toleo jipya kwenye mstari wa kwanza, hamishia jina lililobadilika kwenye mstari wa kisawe, pima upya mabano na mwisho wa neno, kisha uziweke kadi zote mbili katika faili moja.